Mtoto anayejibu Kiingereza ukimsemesha Kiswahili: yaliyonikuta mimi

Dada yangu wa Houston, umeuliza kama umlazimishe mwanao wa miaka kumi kujibu Kiswahili au umwache na Kiingereza chake. Mtoto kama huyo nilikuwa mimi. Wazazi wangu ni Wakorea wa Busan. Walinileta Dar es Salaam mwaka 1994 nikiwa na miaka mitatu, baba akafungua studio ya picha, na Kiswahili kikawa lugha yangu ya kuchezea na ya kugombania.

Mila hazikunisumbua kama watu wanavyodhani. Majirani walimwita mama kwa jina langu, Mama Fulani, naye akafurahi sana, maana kwao ni vilevile: wanataja jina la mtoto, kisha wanaongeza eomma, yaani mama. Kupokea kitu kwa mikono miwili, kumwamkia mkubwa, kutomwita mzee kwa jina lake, yote nilifundishwa nyumbani na nikayakuta uani kwa jirani.

Kilichoniumiza ni lugha. Kila Jumamosi baba alinikalisha nyuma ya kaunta anifundishe Hangul, yaani herufi za Kikorea. Ni 24 tu, hazichukui muda. Nikawa nasoma gazeti la Kikorea kwa sauti, baba ameridhika kabisa, nami sielewi hata mstari mmoja. Kikorea nilichokielewa kilikuwa cha kuamrishwa: kula, oga, zima taa, ulikuwa wapi. Hadithi, utani na siri vyote nilivipeleka kwenye Kiswahili.

Nilipofika miaka 20 tulikwenda Busan. Bibi akanikaribisha, nikamjibu vile mama anavyosema na mimi, kumbe hiyo ni kauli ya mkubwa kwa mdogo. Kwa Kikorea adabu inakaa mwishoni mwa kitenzi. Ni kama kumwambia bibi yako "mambo vipi" badala ya shikamoo. Shangazi zangu wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, ila tangu siku ile nikafunga mdomo.

Mwaka 2016 baba akaugua. Daktari akanieleza kwa Kiswahili kwamba figo zake zimeshindwa kazi, akaniomba nimfahamishe mzee. Neno figo kwa Kikorea sikuwa nalo. Nikamgusa mgongoni, chini ya mbavu. Akauliza, "Kongpat?" Sasa kong naijua, ni soya. Pat naijua pia, ni yale maharage madogo mekundu ambayo mama huyaloweka usiku. Nikadhani ana njaa, nikamjibu kwamba mama ameyaacha nyumbani. Baba alinitazama kwa muda, kisha akageukia ukutani. Kongpat ndiyo figo. Wenyewe wameunganisha majina ya maharage hayo mawili. Kikorea changu chote kilikuwa cha jikoni, na hakikutosha kumwambia baba yangu anaumwa nini.

Kwa hiyo kulazimisha sikushauri. Amri mtoto anazo za kutosha. Msimulie. Usiku kabla hajalala, mweleze kwa Kiswahili ulivyokuwa ukiwa na umri wake: nani alikuchapa, uliogopa nini, rafiki yako alikuwa nani. Akijibu kwa Kiingereza, wewe endelea na Kiswahili chako. Akikosea ngeli asichekwe, na ndugu wanaopiga simu kutoka nyumbani uwaombe mapema wasimcheke.

Baba sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara huchukua muda wa saa nne. Nakaa naye na daftari. Wiki iliyopita amenieleza alivyokuwa akimsaidia mama yake kuuza samaki soko la Jagalchi, asubuhi za baridi, vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Nimepata maneno kumi na moja mapya. Moja lilinishinda kuandika, akachukua kalamu, akaliandika mwenyewe pembeni mwa ukurasa.