Mwanangu, nani ataisimamisha?

Mwanangu Akinyi,

Barua yako imefika. Unauliza kama uache mitambo ya mvuke pale Olkaria uende Orlando, Marekani, kubuni magari ya burudani, yale yanayopita ndani ya mapango ya bandia huku joka la chuma likifumbua macho. Baba yako mdogo anasema huko ni kuchezea digrii. Huyo nimemjibu mwenyewe: George Ferris alikuwa mtu wa madaraja, na gurudumu la burudani alilojenga Chicago mwaka 1893 lilikuwa na kimo cha karibu mita 80 na vibanda 36, kila kimoja watu 60. Kubeba watu zaidi ya 2,000 kwa ekseli moja si mchezo. Amenyamaza, ingawa namjua, Jumapili ataanza tena.

Linalonisumbua mimi ni lingine. Huko, nani ana ruhusa ya kuisimamisha mashine?

Unaikumbuka ile bembea ya duara kwenye maonyesho, siku uliyonuna njia nzima hadi nyumbani? Hujawahi kuniuliza kwa nini nilikushusha. Nilikuwa bado mkaguzi wa mabehewa stesheni ya Kisumu, nimetoka zamu na nyundo yangu mkobani. Nikaona mstari wa kutu kwenye mkono mmoja, pale ulipochomelewa. Unajua chuma kizima kikigongwa hulia kama kengele, na kilichopasuka hutoa sauti butu. Nikagonga. Sauti ikatoka butu.

Nilimwambia mwenye bembea afunge. Akacheka mbele za watu, akaniambia nirudi kwa treni zangu. Watoto wakaendelea kupanda hadi jioni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, na wako wanaosema basi yule bwana alikuwa sahihi. Hapana! Ufa hauvunji chuma siku unapoanza. Unakua kidogo kidogo, kila mzunguko, kila mkono unapolemewa na kuachiwa. Stesheni, alama yangu ya chaki ilitosha kulizuia behewa lisitoke, hata bwana mkubwa angesimama pale. Kwenye bembea ile sikuwa na chaki. Bado inaniuma.

Mashine inayobeba watu ikiishiwa nguvu ishike, isiachie. Mmelisikia hili mezani tangu mkiwa wadogo, na nitalisema tena. Bomba la hewa la treni likikatika, breki zinashika zenyewe. Ndiyo maana nilifurahi uliponieleza kwamba hizo za burudani zina breki za sumaku zisizohitaji umeme, na kwamba njia imegawanywa vipande, gari haliingii kipande cha mbele mpaka kiwe kitupu. Hiyo ni reli kabisa! Nilimwita mama yako aje asikie.

Lakini majabali ya bandia ndiyo yananinyima raha. Ule mlima wa bandia wa Matterhorn pale Disneyland, bustani ya burudani ya California, wa mwaka 1959, ndani yake ni reli ya mabomba ya chuma. Watu wanautazama mlima. Bolti ziko gizani. Msanii atataka jabali lisilo na mlango. Wewe ndiye utakayedai mlango, na taa, na nafasi ya mtu mzima kuinama apake ile dawa ya rangi inayofichua nyufa.

Labda nakuonea. Wana viwango vyao, wanakagua kila asubuhi kabla ya wageni, na pengine huko hakuna anayemcheka mkaguzi. Pengine. Ila foleni ndefu ni foleni ndefu popote, na pesa inayosubiri langoni haina subira.

Unasubiri niseme nenda au baki. Neno ninalo, niliandika kwenye karatasi ya kwanza na mama yako akaichana, akasema wewe ni mtu mzima. Haya, nanyamaza, kwa shida. Ila kabla hujatia sahihi waulize: fundi wa asubuhi akilikataa gari, nani anaweza kumpinga? Na mlango wa fundi, je, umo kwenye mchoro wa kwanza, au unatobolewa jabali likishakauka? Niletee majibu yao kama walivyoyatamka.

Baba yako