Mbegu zetu zimenyimwa lebo

SWALI: Kikundi chetu hapa Masindi kimevuna mbegu za maharage yanayostahimili ukame, lakini mkaguzi amekataa kutupa lebo. Kwa nini?

JIBU: Huenda mlimwita mkiwa mmeshavuna. Sera ya mbegu ya Uganda ya 2018 inawatambua wakulima wanaozalisha mbegu za kuazimiwa ubora (yaani mzalishaji mwenyewe hutangaza ubora wake, chini ya ukaguzi), zenye lebo ya kijani, kwa soko la karibu. Lakini shamba hukaguliwa likiwa na maua, maana rangi ya ua hufichua mimea ngeni. Mbegu zikishaingia guniani, hilo halionekani tena. Wakaguzi ni wachache mno, kwa hiyo ombeni kabla ya kupanda na mtunze risiti ya mbegu mama, yaani mbegu mlizonunua kupanda. Unyevu usizidi asilimia 13: tikiseni maharage na chumvi kavu ndani ya chupa, chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi takriban asilimia 15, yarudisheni juani; isiponata, bado haithibitishi kuwa mmefika 13.