Notisi ya siku 90 haisimamishi muda

SWALI: Shikamoo wakili. Halmashauri ilinifutia umiliki wa kizimba changu sokoni kwa barua ya tarehe 11 Machi, bila kuniita nijieleze. Nimeandika kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa na wizarani. Barua zote zimepokelewa. Tarehe 5 Agosti mtu mmoja aliniandalia notisi ya siku 90 ya kuishtaki halmashauri, akasema nisubiri ziishe ndipo twende mahakamani. Nisubiri? (Mfanyabiashara, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisubiri hata wiki moja. Uamuzi uliotolewa bila wewe kusikilizwa unapingwa kwa mapitio ya mahakama: unaiomba Mahakama Kuu iufute. Kwanza unaomba ruhusa, ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Ukiipata, una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Miezi yako sita inakatika Septemba. Siku 90 zinaisha Novemba. Notisi hiyo ni ya kesi ya madai, tuseme ukidai fidia ya mali iliyopotea. Maombi ya mapitio hayaingoji.

Ninachokiona kila mwezi ofisini ni mfuko wa rambo umejaa barua, kila moja ina mhuri wa masjala, IMEPOKELEWA, wino wa zambarau. Mwenye mfuko anaamini kila mhuri umemsogezea muda mbele. Haujamsogezea hata siku moja! Kama sheria inayohusu jambo lako imeweka ngazi ya rufaa, ipande ngazi hiyo kwanza, tena upesi, maana mahakama itakuuliza. Barua za kuomba huruma kwa wakubwa si rufaa, na Mahakama ya Rufani imeshasema mazungumzo ya nje hayasimamishi ukomo wa muda wa kufungua kesi. Wakili wa Serikali anasimama na pingamizi la awali, kwamba umechelewa, anataja tarehe mbili, anakaa. Kizimba chako hakijazungumzwa kabisa. Ukitaka kuongezewa muda, unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa.

Sasa huyo aliyekuandikia. Vishoka, watu wasio mawakili, wanauza notisi kwenye vibanda vya stesheneri, wanabadilisha jina na tarehe tu. Nyingi ninazoletewa ni za mtindo wa kabla ya marekebisho ya 2020 ya sheria ya kuishtaki Serikali. Tangu hapo, ukiishtaki halmashauri lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye kesi, na kesi iende Mahakama Kuu; asipounganishwa, mwenendo wote ni batili. Nakala ya notisi nayo lazima imfikie. Watu wamepoteza viwanja, leseni na ajira kwa karatasi ya namna hiyo, na aliyeiandika hapatikani tena kwenye simu. Kabla ya kumpa mtu hela, tafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili. Halimo? Chukua nyaraka zako uondoke.

Wewe nenda kwa wakili kesho asubuhi na barua ya Machi, ile halisi, pamoja na bahasha yake, risiti za ushuru wa kizimba na hiyo notisi. Mwambie tarehe 11 Machi kabla hujamsimulia kitu kingine.