Mwanangu wa miezi 20 hageuki nikimwita: nisubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi 20. Nikimwita jina hageuki, lakini akisikia pakiti ya biskuti inafunguliwa anakuja mbio. Haongei. Akitaka maji ananishika mkono na kunivuta hadi kwenye ndoo. Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa, tumkate udata, ule utando wa chini ya ulimi, na tusubiri afike miaka mitatu. Usonji (autism) unaweza kuonekana mapema hivi? Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Ndiyo, unaweza kuonekana, na miaka mitatu usiisubiri.

Wapo kweli watoto wanaochelewa kuongea na baadaye wakanyooka wenyewe. Lakini wengi wao, hata kabla ya maneno, huongea kwa macho na vidole. Ndiyo maana mimi sianzi kwa kuhesabu maneno, naanza na kidole cha shahada. Mtoto wa miezi 18 hunyoosha kidole si ili apewe kitu tu, bali ili na wewe ukione. Paka yuko juu ya ukuta: ananyoosha kidole, anakugeukia usoni kuhakikisha umemwona, kisha anamrudia paka. Huko kukugeukia usoni ndiko ninakokutafuta. Wako anauchukua mkono wako hadi kwenye ndoo. Je, anapokuvuta anakutazama? Na wewe ukinyoosha kidole, "Angalia, kuku!", anafuata kidole chako?

Sijamwona, kwa hiyo siwezi kusema ana usonji, na dalili moja haitoshi. Ila kutogeuka akiitwa jina baada ya mwaka mmoja, kutoonyesha kwa kidole, au kupoteza maneno aliyokuwa nayo, hayo tunayachunguza mara moja.

Kwanza masikio. Biskuti zisikudanganye: mtoto anaweza kusikia sauti fulani na kukosa nyingine, kwa hiyo apimwe usikivu. Pia lipo dodoso la kuchuja dalili za usonji, M-CHAT-R, maswali 20 kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 hatari ni ndogo, ingawa kwa aliye chini ya miaka miwili tunarudia akishaifikisha. 3 hadi 7 tunakuhoji zaidi. 8 na kuendelea anapelekwa moja kwa moja kwa uchunguzi kamili. Dodoso hilo linachuja tu, halithibitishi usonji.

Udata, nakuomba, msimkate. Hata ulimi uliofungwa haumzuii mtoto kugeuka akiitwa.

Hapo Tanga anzeni hospitali ya Bombo, muombe kuonana na daktari wa watoto. Mazoezi ya mawasiliano yanaweza kuanza hata kabla jibu halijakamilika. Nenda na kadi ya kliniki, na urekodi kwa simu video fupi mbili tatu: anakula, anacheza, unamwita akiwa amekupa mgongo. Siku ya miadi huenda akalala au akalia muda wote, na video hizo ndizo zitakazomwonyesha daktari alivyo nyumbani.