Maswali na Majibu: Kurekebisha Nguvu ya Mrejesho Kwenye Usukani wa Gemu

Swali: Nimepandisha nguvu ya mrejesho, yaani nguvu ambayo mota huusukumia usukani, hadi asilimia 100 ili niihisi barabara vizuri, lakini kwenye kona za kasi usukani unakuwa mzito tu na hauniambii kitu. Kasoro iko wapi?

Jibu: Mota imefika kikomo. Usukani wa gia (ambao mota huuzungusha kupitia gia) kama Logitech G29 hutoa takriban nyutoni-mita 2 tu za nguvu ya kuzungusha, kwa hiyo gemu inapodai zaidi ya hapo, mota hung'ang'ania kiwango chake cha juu, na chochote kinachotokea zaidi ya kiwango hicho hakifiki mikononi mwako. Unachokikosa ni kitu cha thamani sana: tairi za mbele zinapokaribia kuteleza, ile nguvu inayourudisha usukani katikati huanza kupungua kabla tairi hazijaachia kabisa, na kulegea huko kudogo ndiko dereva hukutegemea kujua kwamba amezidisha.

Punguza nguvu ndani ya gemu, si kwenye programu ya usukani. Chagua kona moja ndefu ya kasi, uipite mara kadhaa huku ukitazama kipimo cha mrejesho kwenye skrini. Katika gemu ya mbio za magari ya Assetto Corsa, kipau cha mrejesho kilicho kando ya vipau vya pedali hugeuka chekundu kikomo kinapofikiwa. Shusha asilimia 5 kwa 5 hadi wekundu huo uonekane kwa nadra tu, pengine unapokanyaga ukingo wa barabara. Usukani utakuwa mwepesi na utadhani umeuharibu (nami nilidhani hivyo), lakini endesha mizunguko kumi kabla ya kuamua.

Swali: Ninapokwenda moja kwa moja, usukani wangu wa gia umekufa kabisa katikati. Niongeze nguvu?

Jibu: Hapana. Nguvu ndogo humezwa na msuguano wa gia. Pandisha kiwango cha chini cha nguvu (nguvu ndogo kabisa ambayo mota hutoa) kidogo kidogo mpaka usukani uanze kutetemeka wenyewe, kisha rudi hatua moja.

Swali: Usukani wangu mpya, uliofungwa moja kwa moja kwenye mota ya nyutoni-mita 8, huyumba kushoto na kulia nikiuachia kwenye sehemu iliyonyooka. Je, ni mbovu?

Jibu: Si mbovu. Amri ya gemu huifikia mota kwa kuchelewa kidogo, hivyo usukani huipita katikati, ukarudishwa, ukaipita tena, na hakuna mikono ya kuutuliza. Ongeza ukinzani (mpangilio unaoufanya usukani upinge kuzungushwa haraka) kidogo tu, kwa sababu ukizidi utahisi kama unakoroga uji mzito. Kiwango cha chini cha nguvu kiache sifuri. Tena, mota ya namna hiyo si ya mzaha: unapoona utagonga ukuta, toa vidole gumba ndani ya usukani.

Swali: Mpangilio mmoja unatosha kwa magari yote?

Jibu: Mara nyingi hautoshi, kwa kuwa uzito wa usukani hutofautiana sana kati ya gari na gari. Gemu ikiruhusu kuhifadhi nguvu ya kila gari peke yake, fanya hivyo, na urudie jaribio la kona kila unapobadilisha gari.