Kufuli la tairi la akiba likikwama, usikimbilie grenda

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Arusha aliniandikia kwamba kufuli la tairi la akiba, lililo juu ya boneti ya Land Rover yake ya zamani, limegoma kufunguka, na fundi wake amekwisha kumshauri walikate kwa grenda. Nilimjibu siku hiyohiyo nikimsihi asikubali, na kwa kuwa najua sote tunaotunza magari haya tunataka kuwarithisha watoto wetu yakiwa salama, naeleza hapa kwa urefu kidogo.

Gari langu ni Land Rover Series III ya 109 (yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), toleo lililoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na nimelirithi kwa marehemu baba aliyelitumia miaka mingi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Tairi lake la saizi ya 7.50-16 pamoja na ringi lina uzito unaozidi kilo 30, nalo hukaa juu ya boneti, mahali ambapo mwizi hulifikia kwa urahisi, ndiyo maana baba alilifunga kwa kufuli. Nikiwa safarini, gereji moja niliyoliacha gari kwa kazi ya breki ililikata kufuli hilo kwa grenda bila hata kunipigia simu. Boneti ya gari hili ni ya aluminiamu, kwa sababu Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na utaratibu huo ukaendelea. Diski ya grenda ikiteleza juu ya aluminiamu huacha mfereji ambao si kila mchomeleaji anaweza kuuziba. Cheche nazo zilitua kwenye kioo cha mbele zikayeyukia humo, na hadi leo nikipitisha kiganja nasikia vijipele vya chuma. Nilipolalamika niliambiwa kwamba gari lenyewe ni la zamani. Neno hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo kufuli nililonunua badala yake lilipokwama baada ya masika, niliazimia kulifungua mwenyewe bila kuacha mkwaruzo hata mmoja, na nashukuru niliweza. Ufunguo uliingia nusu tu. Tundu lilikuwa limezibwa na vumbi jekundu lililogandamana na kutu ya kijani, ile inayoota kwenye shaba karibu na bahari. Nilianza kwa mswaki mkavu, nikapuliza uchafu kwa pampu ya tairi, ndipo nikapuliza oili nyepesi ya kulegeza kutu ndani ya tundu na pale upinde wa chuma unapoingia katika mwili wa kufuli, nikaiacha ilale usiku kucha. Asubuhi nilimwagia maji ya moto juu ya kufuli, kwa kuwa shaba ya manjano hutanuka kuliko chuma na kukilegezea nafasi, kisha nikalikausha na kurudia oili. Sikutumia koleo kuzungusha ufunguo, maana ukikatikia ndani umejiongezea kazi. Niliusukuma upinde uzame ndani ili kuondoa mkazo kwenye kishikio chake, huku nikigonga ubavu wa kufuli kwa mpini wa nyundo na kutikisa ufunguo taratibu kulia na kushoto. Haukukubali mara moja. Nilirudia maji, oili na kugonga, hadi ufunguo ukazama wote na kufuli likaachia.

Siri yote, ndugu zangu, ni uvumilivu na oili, halafu uvumilivu tena. Anayekuhimiza umalize haraka hatakuwepo siku utakapotafuta boneti nyingine. Moto wa gesi usiusogeze kabisa: tairi lililojaa upepo likipata joto kali linaweza kupasuka na kuua, na chini ya boneti hiyo kuna kabureta yenye petroli. Gari lililotunzwa na wazee wetu kwa jasho linastahili asubuhi mbili tatu za subira yetu, na mwenye gari anayeshindwa kusimama kando ya fundi wake na kusema hapana ataendelea kulipia haraka za wengine.

Ikiwa umerudia hayo yote na kufuli bado limekataa, funika boneti na kioo kwa magunia yaliyoloweshwa, weka kipande cha ubao chini ya upinde, kisha ukate upinde kwa msumeno wa mkono wa kukatia chuma. Kufuli jipya lilainishe kwa unga wa risasi ya penseli, kwa sababu oili nzito hukusanya vumbi, ulivalishe kipande cha mpira wa tyubu kuzuia mvua, na ulifungue na kulifunga kila mwezi hata kama tairi hulihitaji.