Kamera yako haizijui sura zetu, ifundishe

Kamera yoyote uliyonayo, iwe simu ya laki mbili au ile kubwa ya kuning'iniza shingoni, ina tabia moja, inataka picha nzima itoke na mwanga wa wastani, kijivujivu hivi. Yenyewe haijui kama mbele yako kakaa babu mweusi tii kavaa kanzu nyeupe na nyuma yake kuna ukuta wa chokaa. Inaona weupe mwingi, inajisemea mwanga umezidi, inapunguza, babu anatoka meno na kanzu tu. Sasa mhamishe babu huyohuyo akae ndani mbele ya mlango wa mbao nyeusi, kamera inaona giza tupu, inaongeza mwanga, babu anatoka kapauka kama kajipaka majivu. Wengi hapo ndo wanaanza kuilaumu simu na kutafuta hela ya nyingine. Mimi nakaa Dar, napiga picha kwa kujifurahisha tu, na kuielewa hii tabia kumenisaidia kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwenye kioo, shikilia kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge hapo, halafu pembeni kitatokea kijijua, kipandishe picha ing'ae au kishushe iwe giza zaidi, simu nyingi za sasa ziko hivo. Kwenye kamera kubwa tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kanzu, shela la bibi harusi, ukuta mweupe, mchanga wa ufukweni, hapo jumlisha, anza na +1 uone. Nyuma kukiwa giza, toa kidogo, -0.7 hivi. Ila uangalie nguo nyeupe isiungue, maana sehemu ikishakuwa nyeupe kabisa hata mkunjo wa kitambaa hauonekani, hairudi tena hata uiediti mpaka asubuhi. Ikibidi nichague, mimi kwenye picha ya mtu naokoa uso, kanzu itajijua yenyewe.

Na usidhani ni balaa la simu za siku hizi. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wanawapelekea wasafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, fundi anapanga rangi mpaka ngozi ya yule mama ikae sawa, wengine wote tukajibebe. Tumetoka mbali kidogo, Google mwaka 2021 walitoa Pixel 6 wakatangaza kabisa kwamba kamera yake imerekebishwa kwa ajili ya ngozi za rangi zote. Lakini simu ya namna hiyo wangapi wanayo, kwa hiyo kidole chako bado kina kazi.

Baada ya hapo ni jua. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, saa sita mchana jua linakaa utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo mawili na pua inatupa kivuli mpaka mdomoni. Halafu ule mwanga wa dhahabu wa jioni wanaousifia kwenye video za YouTube, kule kwao majira ya joto unakaa muda mrefu, huku kwetu jua linazama wima, likishazama dakika 20 na kitu tu giza hilo. Mimi kama nataka picha za nje nakuwa nimeshafika saa kumi na moja jioni, nimeshachagua pa kusimama, siyo saa kumi na mbili ndo natafuta parking. Asubuhi ni nzuri zaidi kama unaweza kuamka, hamna upepo, hamna watu, na jasho bado halijaanza.

Mchana ukikubana, usipigane na jua, ingia kivulini. Barazani ndo studio ya bure. Mkalishe mtu pale kivuli kinapoishia, uso uangalie nje kwenye uwazi, wewe simama nje umgeukie, utaona macho yanapata ile nukta ya mwanga na ngozi inaonyesha rangi yake kweli, ule weusi wenye wekundu kwa ndani. Kama uani kuna mchanga mweupe au sakafu ya saruji, mwanga unagonga chini unarudi usoni kutokea chini, hapo umepata taa ya pili bila kulipia. Hamna sakafu hiyo? Shuka jeupe, mtu mmoja alishike. Chini ya mwembe siko kuzuri kama watu wanavyofikiri, majani yanapitisha madoa ya jua na ngozi inapata ukijani fulani hivi wa ajabu, labda uwe mwembe mkubwa na ukae ukingoni. Masika wengi wanaweka kamera kabatini, mi ndo naipenda, wingu zito linalainisha kila kitu.

Ukitaka kuona mwanga wa uani unafika wapi, mtafute Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio mwaka 1948, picha nyingi alipigia uani kwa mwanga wa jua, nyuma katundika kitambaa, na cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Zile sura hazijapauka wala hazijazama. Ukivuka Zanzibar pia pitia Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta pale Mji Mkongwe, ipo tangu 1930, angalia zile picha za zamani polepole na kila picha jiulize mwanga ulitokea upande gani. Nimejifunza zaidi hivo kuliko kwenye video.

Fleshi ya kwenye simu, zima. Inapiga uso wa mbele bapa, paji linang'aa kama sufuria. Uwe na tishu mfukoni, mwambie mtu ajifute kwanza, na futa na lenzi ya simu, imekaa mfukoni na mafuta ya vidole kutwa nzima halafu unashangaa taa zinatoka na ukungu.

Kununua kamera? Nunua siku simu imekushinda kwa jambo unaloweza kulitaja. Ya mtumba inatosha, Canon 600D au Nikon D3200 na lenzi ya 50mm f/1.8 unapiga sura nzuri sana. Ila Nikon za familia ya D3000 na D5000, hiyo D3200 ikiwemo, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, ukiuziwa lenzi ya AF-D haitajifokasi yenyewe, utazungusha kwa mkono, tafuta iliyoandikwa AF-S. Dukani funga tundu la lenzi mpaka f/16, piga anga, madoa meusi ukiyaona ni vumbi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. Muuzaji akianza kukuharakisha, rudisha, aga, ondoka.

Kuhusu watu wa mitaani na sokoni, salimia kwanza. Pale soko la samaki Feri ukitoa kamera kimyakimya utatukanwa na utakuwa umestahili, lakini shikamoo mzee, habari za kazi, naomba picha moja, wengi wanakubali na wengine wanaweka pozi wenyewe. Akikataa shukuru upite. Picha uliyoahidi itume, na WhatsApp tuma kama dokumenti maana ukituma kawaida inabanwa ubora unapotea. Na pale Feri ujue Ikulu iko jirani, lenzi isielekee huko, vilevile kambi za jeshi na vituo vya polisi, hilo halina mjadala.

Kuediti natumia Snapseed, ya bure, inatosha. Nanyanyua vivuli kidogo, nanyoosha upeo wa bahari usiinamie upande, nakata vya pembeni visivyohusika, basi. Ile filta ya urembo inayokuja imewashwa kwenye simu nyingi izime, inasugua ngozi na kumng'arisha mtu ambaye hajaomba kung'arishwa, shangazi yangu aliletewa picha za harusi akauliza huyu mdogo wangu ni yupi.

Mwisho, nyie wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu unaotesha kuvu ndani ya lenzi. Ukiimulika na tochi utaona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na fundi wa kuitoa siyo wa kumpata kirahisi. Usihifadhi kamera kwenye begi la ngozi wala ndani ya kabati la nguo. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, tupia vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kamera itoe mara kwa mara upige nayo. Na ufukweni lenzi usibadilishe, ule upepo una chumvi na mchanga.